Anayepigana Anamwangalia Nani?

Vijana wanne walisukumana mlangoni kwangu saa tisa na nusu alasiri, mmoja ameshika simu ambayo haikuwa yake. Shikamoo yenyewe waliitoa mbio mbio.

"Anti, tunaomba ututolee hii video utuwekee kwenye flashi. Mwenye simu yuko nje na pikipiki, anaitaka."

Nina duka dogo la steshenari hapa Tabora mjini: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Video za wanafunzi nimehamisha nyingi, za mahafali na za kwaya. Nikachomeka waya, nikaifungua kuhakikisha ndiyo hiyo.

Zilikuwa ngumi. Wavulana wawili wenye sare, chini ya mwembe, wenzao wamewazungushia duara, wasichana kwa wavulana. Haikufika dakika moja. Mmoja aliishia kupiga goti, kiganja puani, damu ikipita katikati ya vidole na kudondokea shati jeupe. Wanne waliosimama mbele ya meza yangu walicheka pale pale palipochekwa kwenye video, kwa sauti moja. Walikuwa wameshaitazama mara nyingi.

Nikauliza kisa.

"Buku tu, anti."

Deni la shilingi elfu moja, la chipsi.

Niliwaambia video za aina hiyo hapa sihamishi. Hawakubishana. Walivyokuwa wanatoka nilimsikia mmoja akiwaambia wenzake watarushiana kwenye simu usiku, kwa hiyo msimamo wangu haukuzuia chochote. Nakala ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta yangu. Nimeifuta juzi tu, na kabla ya hapo nimeitazama kwa wiki kadhaa, duka likiwa tupu, nikitafuta kitu ambacho mwanzoni sikuweza kukitaja.

## Kabla ya ngumi ya kwanza

Damu haikunisumbua sana. Nimelea wavulana, puani kunatoka damu.

Kilichonikaa ni sekunde chache za mwanzo. Anayedai anacheka kwa nguvu, kawageukia watu: "Jamani mnamwona huyu? Buku imemshinda!" Kicheko kinalipuka. Anayedaiwa hamtazami aliyemtukana. Anageuza shingo kushoto, halafu kulia, macho yanapita kwenye nyuso za wenzake moja baada ya nyingine. Nilipunguza kasi ya video ili nione anachokiona. Mmoja kaziba mdomo. Mwingine anavua begi mgongoni, anataka nafasi ya kutazama vizuri. Msichana mmoja anarudi nyuma nusu hatua, wa nyuma yake wanamsukuma mbele. Kisha macho yanafika kwa kijana aliyeegemea shina la mwembe, mikono mfukoni. Namfahamu, huja kutoa fotokopi za mitihani iliyopita. Hasemi neno. Ananyanyua kidevu, mara moja.

Ngumi inatoka hapo hapo.

Yule kijana aliomba ruhusa, akapewa. Au aliomba mtu wa kumwambia "achana naye", hakumpata. Sijui ni lipi kati ya hayo, na kila nilipoirudia nilibadilisha mawazo.

## Fimbo mstarini

Habari ilifika shuleni kabla jua halijazama. Kesho yake wazazi wakaitwa, na wavulana wote wawili wakachapwa mstarini asubuhi, shule nzima ikiangalia.

Mtaani nako maelezo yalikuwa tayari. Mama wa maandazi akasema ni bangi. Fundi cherehani akasema simu. Mwenye duka la dawa akasema wazazi wamewaachia watoto mji, wao wako kwenye tumbaku huko Urambo na Kaliua, wanaonekana baada ya masoko. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Hakuna hata moja linaloeleza kwa nini mtoto mwenye hasira alianza kwa kuzungusha macho.

Kuhusu fimbo, kanuni za elimu zinaruhusu viboko visivyozidi 4, na mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini ya maandishi. Wazazi wenzangu tukisikia 4 tunacheka, kwa sababu wengi wetu tulihesabiwa kwa makumi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009 na ripoti yake kutoka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili na mtu mzima au mpenzi kabla ya kutimiza miaka 18. Kupigwa, kupigwa teke, kuchapwa mjeledi. Fimbo katika nchi hii hatujawahi kuipungukiwa.

Lakini aliyenifungua macho ni mwanafunzi mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake ya fotokopi. Alinisimulia ilivyokuwa. Aliyepigwa chini ya mwembe alilia mstarini pia. Aliyempiga hakupepesa jicho. Alipokuwa anarudi kwenye foleni, kila aliyempita alimgusa bega.

"Siku hizi wanamwita Chuma," akaniambia, na yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu.

Mwalimu alidhani anafunga kesi. Alimpa kijana hadhira kubwa zaidi ya ile ya jana.

Sisemi hili kumsimanga mwalimu. Ana darasa limejaa, na wazazi wengine humletea fimbo wenyewe. Ila kuna majirani zetu waliojaribu njia nyingine na wakapima. Wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziliingizwa kwenye utafiti, nusu zikapewa mradi wa kubadilisha shule nzima, kuanzia walimu na utawala mpaka wanafunzi na wazazi: adhabu zisizo za kipigo, kanuni zinazotungwa na wote, sifa kwa anayefanya vizuri. Kufikia 2014, wanafunzi wa shule zilizopata mradi walioripoti kupigwa na walimu au wafanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa pungufu kwa asilimia 42 wakilinganishwa na wa shule ambazo hazikuupata. Kipigo hakikuisha. Lakini mtu aliyeniambia kwamba Mwafrika bila fimbo hafundishiki, nilimwambia aende Luwero.

## Gari la kwenye kompyuta

Nikaanza kusoma usiku. Baadhi ya niliyoyapata yalinishangaza kwa jinsi yalivyofanana na ile video.

Marekani, mwaka 2005, watafiti wawili, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha matokeo ya jaribio la mchezo wa gari kwenye kompyuta. Taa ya njano inawaka, unaamua: unasimama au unaendelea upate alama zaidi, kwa hatari ya kugonga? Walicheza watoto wa miaka 13 hadi 16, vijana wa 18 hadi 22, na watu wazima. Wengine walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao wawili wa rika lao wanaotazama. Watu wazima hawakubadilika sana wakitazamwa. Watoto wa 13 hadi 16 walibadilika mno, wakawa wanaingia kwenye hatari ambazo wakiwa peke yao waliziepuka.

Tumezoea kusema kijana ana damu ya moto. Jaribio lile linaonyesha kitu kingine: peke yake si wa moto kiasi hicho.

Halafu nikakutana na Kanada. Watafiti waliweka kamera na vinasa sauti kwenye viwanja vya shule za msingi za Toronto, wakarekodi watoto wakionewa. Karibu mara tisa katika kila kumi, wenzao walikuwapo wanatazama. Waliingilia chini ya mara moja katika kila tano. Na walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Sekunde 10!

Nilirudi kwenye video yangu na saa. Kutoka kile kicheko cha "buku imemshinda" mpaka ngumi ya kwanza, muda ulikuwapo.

## Ufutio

Kuna mradi wa Chicago ambao nitauelezea kwa sababu niliuigiza dukani. Unawahusu wavulana wa mitaa yenye bunduki, wanakaa kwenye duara na mtu mzima mara moja kwa wiki. Mojawapo ya mazoezi yao ya mwanzo: mmoja anapewa mpira, mwenzake anaambiwa ana sekunde 30 kuutoa mkononi mwake. Wanapigana. Wanafinyana vidole, wanaangushana. Muda ukiisha kiongozi anauliza kwa nini hakuna aliyeomba tu mpira. Wanajibu kwamba mwenzake asingempa, au angemwona mnyonge. Kisha anamgeukia mwenye mpira: angekuomba ungempa? Wengi wanasema ndiyo, ni mpira tu.

Mradi ulipimwa kwa kura ya bahati nasibu, matokeo yakachapishwa 2017. Wakati ukiendelea, kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa asilimia 45 hadi 50. Ulipoisha, nafuu hiyo haikuendelea kuonekana kwa kiwango hicho.

Nami nikachukua ufutio. Wavulana wawili walikuwa wanasubiri umeme urudi, nikawaambia masharti. Wa kwanza aliniangusha nadharia: aliomba. Kwa upole kabisa, "kaka, naomba". Mwenzake akatazama mlangoni, ambako watatu wengine walikuwa wamesimama kivulini, akacheka, akafumba ngumi zaidi. Wakavutana mpaka stuli ikaanguka.

Nimeyafikiria macho yale ya mlangoni kuliko nilivyofikiria takwimu zote za Chicago.

## Mzee wa reli

Jirani yangu ni mstaafu wa reli. Jioni hukaa kibarazani na redio, nami hupita kumsalimia. Nilimweleza habari ya duara. Alisikiliza, akazima redio, jambo asilolifanya kirahisi.

"Mwanangu, hao watoto duara wamelionea wapi?"

Akanikumbusha mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walipoibuka huku kwetu na Shinyanga, wizi wa ng'ombe ulipokuwa umepita kiasi. Filimbi inapulizwa, kijiji kizima kinatoka. Anawaheshimu, na sababu anazo. Lakini aliona pia mambo ambayo hakutaka kunisimulia yote. Vijana wa miaka 16 wamepewa virungu, wazee wanawatazama, na aliyesitasita alikumbukwa kwa kusitasita.

Kabla ya hapo kulikuwa na nini, nikamuuliza. Akacheka. "Mirambo unamjua?" Anamjua kila mtoto wa hapa. Wale rugaruga, wapiganaji wake, walikuwa vijana, wengi wameng'olewa makwao na vita na utumwa, hawana mke wala shamba. Mtemi huyo wa Wanyamwezi aliwapa nguo nyekundu, manyoya, vikuku, na watu wa kuwaogopa. Mzee anasema kijana asiye na kitu ukimpa watazamaji atakufanyia lolote. Mirambo alifariki 1884 na sanamu zake za ushujaa tunazitunza vichwani, sawa, lakini tusijifanye ukali wa vijana umeletwa na TikTok.

Kisha akasema lililonikosesha usingizi. Magazeti yetu yana maneno ya kudumu: wananchi wenye hasira kali. Mwizi wa kuku, mwizi wa simu, anazingirwa, kinachofuata tunakijua. Hakuna jina la aliyepiga, hakuna jina la aliyeleta tairi. Mtoto anayerudi shule anapenyeza kichwa katikati ya miguu ya watu wazima aone. Anajifunza mengi pale, mojawapo ni kwamba aliyeko kwenye duara hana kosa.

## Pasipo na watazamaji

Hapa nikajitilia shaka, na shaka hiyo bado ninayo.

Si kila ukatili wa vijana una hadhira. Ule utafiti wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na mambo hayo hutendeka kwa kujificha, mara nyingi na mtu anayejulikana. Binti anayepigwa na mpenzi wake wa kidato cha nne nyuma ya nyumba hatazamwi na mtu. Kwake yeye, nadharia yangu ya duara ni maneno matupu. Anahitaji mtu mzima wa kumwamini, anahitaji kujua kwamba kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure, anahitaji dawati la jinsia na watoto kituoni lenye askari asiyemuuliza alivaa nini.

Tena kuna njaa. Kuna mtoto aliyeshuhudia mama yake akipigwa tangu hajaanza kutembea. Ukimwondolea watazamaji huyo, umemwondolea sehemu ndogo tu ya mzigo wake.

Mzazi mmoja aliniambia nakuza mambo, ngumi za watoto zilikuwepo na zitakuwepo. Kweli, zilikuwepo. Duniani wanauawa zaidi ya watu 170,000 kila mwaka wenye umri wa miaka 15 hadi 29, wengi wao wa kiume, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, na sidhani mauaji mengi ya namna hiyo yalianza na mtu aliyepanga kuua. Kilichotofautisha ngumi ya chini ya mwembe na jeneza ni kwamba siku ile hakuna aliyekuwa na kisu.

Kwa hiyo nimeipunguza nadharia yangu. Inahusu ugomvi wa hadharani tu, ule wa njia ya kutokea shuleni, uwanjani, kijiweni. Huo peke yake unatosha kutushughulisha.

## Watani wangeshinda

Nilikuwa kwenye msiba hapa mjini, na watani walikuwepo. Walijilaza njiani mwili usipite mpaka walipwe. Wakamtukana marehemu, wakamtukana mjane, wakamwiga mtoto mkubwa wa marehemu anavyotembea. Mgeni mmoja, nadhani hakuzoea, alikunja uso akataka kujibu kwa mkono. Umati mzima ukamzomea yeye.

Hapo ndipo niliposhtuka. Matusi mazito, watu wamejaa, na anayeaibika ni aliyekasirika. Babu zetu waliobeba mizigo kwenda pwani na kurudi walikuwa na watani njia nzima, Wagogo, Wazaramo, na wakati wowote watu wenye mikuki wangeweza kuuana kwa neno moja. Umati ulifundishwa upande wa kucheka.

Wanafunzi wetu nao wanataniana kutwa, lakini umati wao umefundishwa upande mwingine. Asiyejibu ndiye boya.

Sipendi kuupamba utani. Umetumika kuwaumiza watu, hasa wasichana na miili yao, na aliyelalamika aliambiwa hajui mila. Wala sidhani tunaweza kuuchukua msibani tukaupeleka kidato cha tatu kwa waraka wa wizara. Umenionyesha tu kwamba umati huwa na kanuni zake, na kanuni hizo kuna watu walizitunga.

## Orodha

Mwalimu wa ushauri nasaha wa shule ile ni mteja wangu. Alipokuja kutoa mitihani ya majaribio nilimweleza habari ya New Jersey. Kule, katika mwaka wa masomo wa 2012–2013, watafiti walichukua shule 56. Hawakuwaomba walimu wachague wanafunzi bora. Waliwauliza wanafunzi wenyewe: unakaa na nani zaidi? Majibu yakaonyesha nani anafuatwa na wenzake. Kisha katika nusu ya shule hizo wakaunda vikundi vidogo kwa bahati nasibu, na kuacha wanafunzi wenyewe waseme ugomvi wa shule yao uko wapi na ukomeshwe vipi. Walikuwa na bangili za rangi ya chungwa za kumpa mtu aliyeonekana akituliza mambo. Taarifa za nidhamu zinazohusu ugomvi zilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko za shule zisizo na vikundi, na zilipungua zaidi pale ambapo kikundi kilikuwa na wengi wa wale wanaofuatwa na wenzao.

Mwalimu akasema bangili hazipo, karatasi zipo.

Akagawa vipande kwenye mkondo mmoja wa kidato cha tatu. Majina yaliyojirudia zaidi akayaandika pembeni. Viranja walikuwa wawili tu. Mwalimu wa nidhamu alipoiona orodha alisema, "Hawa ni wateja wangu." Mkuu wa shule akahofia kwamba kuwakusanya watukutu na kuwapa soda kutaonekana ni zawadi. Wakakubaliana soda isiwepo, wakutane Ijumaa baada ya usafi.

Kikao cha kwanza, mwalimu alitarajia kusikia habari za bangi na mapenzi. Wao walikuja na jambo moja ambalo hakuna mtu mzima aliyelifikiria. Walisema ukiingia kuamulia ugomvi, mwalimu akifika anakukuta katikati, shati limechanika, na unachapwa pamoja na wagombanaji. Anayekaa pembeni akitazama hachapwi. Kwa hiyo wote wamejifunza kukaa pembeni.

Wakaomba iandikwe barua kwa mkuu wa shule: anayeamulia asiadhibiwe, na akishuhudiwa na wenzake wawili neno lake lipokelewe. Niliichapa mimi, bila malipo. Walibishania sana hao mashahidi wawili, mmoja akisema watatu ndiyo haki kwa sababu wawili wanaweza kupangwa.

Barua imerudi wiki hii ikiwa na maandishi ya kalamu nyekundu pembeni: "Nimeiona. Ipelekwe kamati ya nidhamu. Mashahidi wawe watatu."